Sepetu ya Shimoni

Sehemu ya Tisa

Mkono wa Nasambu bado uko hewani, palepale tulipouacha Jumamosi iliyopita. Mezani kumelala sepetu saba za kukunja, zote za kijani, na zinafanana kama mayai ya kuku mmoja. Ng'ambo ya meza ameketi Inspekta Jepkemboi, amekunja mikono, anasubiri.

Kwa wewe ambaye gazeti lako lilifungiwa nyama kabla hujalisoma, nitaeleza mara moja tu, kwa hivyo tega sikio. Mzee Kipyego, mkulima wa Soy, alipigwa kichwani akafukiwa akiwa hai katika shimo kando ya shamba lake la mahindi. Aliyemfukua ni fundi wa kuchomelea vyuma, Wabuge, aliyesema alikuwa akijipitia tu akasikia mtu akikoroma ardhini. Familia ilimpeleka mzee Plateau, kwenye hospitali ya misheni, na mpaka asubuhi hii hajafungua macho. Shimoni palipatikana sepetu ya jeshi ya kukunja. Na katika Eldoret nzima anayejulikana kwa kuuza sepetu hizo ni mtu mmoja, Mabonga, mume wa Nasambu. Ndiyo maana Mabonga yuko chumba cha pili na pingu mikononi.

Na Wabuge? Wabuge ni kaka yake Nasambu, wa tumbo moja, aliyemlea tangu wazazi wao walipofariki. Familia ya Mzee Kipyego inamwita malaika. Wamempa kiti kando ya kitanda cha mzee, na hapo ndipo anaposhinda akisoma Biblia.

Sasa umefika. Turudi mezani.

Nasambu alikuwa amesema neno ambalo mke wa mfanyabiashara halisemi. Alimwambia Inspekta kwamba mumewe hajawahi kuuza sepetu ya jeshi hata moja. Zile anazowauzia wakulima akiapa ni masalio ya vita vya pili vya dunia zimetengenezwa papa hapa Eldoret, mabati ya pipa, mpini wa mkaratusi, kisha zikasuguliwa kwa chumvi na oili chafu mpaka zikazeeka. Alisema hayo huku uso unamwaka kwa aibu. Lakini heri mume aitwe tapeli kuliko aitwe muuaji.

Inspekta Jepkemboi hakucheka. Aliagiza sepetu ya shimoni ioshwe matope, ikachanganywa na sita zilizochukuliwa kibandani kwa Mabonga.

"Unasema zenu ni feki," alimwambia. "Kama ile ya shimo ni orijino, basi si yenu. Nionyeshe ni gani. Lakini unachagua mara moja tu, mama. Ukikosea, mumeo anapanda hilo gari."

Gari lenyewe lilikuwa nje, injini inanguruma, safari ya kortini. Nasambu alilisikia hadi kwenye meno. Akawaza nyumba yao ya Pioneer, akamwaza binti yake Nelima akirudi shule akiulizwa babako yuko wapi. Mfa maji haachi kutapatapa. Aliushusha mkono akaigusa sepetu ya kwanza.

Alianza na herufi, kwa kuwa ndizo macho yake yalizozoea. Nyuma ya bapa la sepetu ya jeshi pamepigwa U.S., chini yake jina la kiwanda, kisha mwaka, 1944. Kiwandani zilipigwa kwa pigo moja, kwa hivyo zimekaa sawa kwenye mstari. Za Eldoret hupigwa herufi moja moja kwa nyundo, na nyundo ina hasira zake. Kwenye hii U ilikuwa imeinama. Kwenye ya pili nukta ilikuwa imetoroka. Akazisukuma kando, na ya tatu, na ya nne.

Zikabaki tatu. Zote tatu herufi zao zilikuwa zimenyooka. Wabuge, ambaye ndiye aliyemtengenezea Mabonga, hakuwa fundi wa jana, na kadiri alivyoendelea kuiga mkono wake ulizidi kutulia. Isitoshe, rangi mpya ya kijani ilikuwa imejaa ndani ya kila herufi, huoni alama wala mkwaruzo.

Inspekta alitazama saa. Mlangoni dereva akachungulia, akaambiwa angoje.

Nasambu akashika nati kubwa iliyo shingoni mwa sepetu, pale bapa linapokutana na mpini. Hapo ndipo kaka yake alipowahi kumwonyesha siri yote, siku moja kibandani kwake wakinywa chai. Sepetu ya jeshi hukazwa mahali patatu: ikiwa imekunjwa, ikiwa imenyooka, na ikiwa imesimama nusu njia ili itumike kama jembe. Ya kuiga hukubali mara mbili, ya tatu inakuaibisha. Aliikaza ya kwanza ikasimama kama jembe, akalivuta bapa kwenye ukingo wa meza. Likaanguka.

Ya pili akaikaza, akavuta. Haikuanguka. Akavuta kwa nguvu zake zote, meza ikasogea, sepetu ikasimama imara.

"Ni hiyo?" Inspekta aliuliza.

Midomo ya Nasambu ilikwisha kufunguka kusema ndiyo. Kitu kikamzuia. Nati ilikuwa imezunguka kwa shida, inakwaruza, kama mlango wenye mchanga. Akaiinua sepetu, akaligonga bapa kwa pete yake ya ndoa. Lilitoa sauti ya sufuria. Akachukua ya tatu, akazungusha nati, ikateleza taratibu mpaka ikakaza yenyewe. Akaligonga bapa. Chuma kililia, kikaendelea kulia hata alipoondoa pete.

"Hii," alisema, na sauti yake ikatoka ndogo. "Hii ndiyo ya jeshi, Madam. Na si yetu."

Inspekta Jepkemboi aliipindua sepetu, akaangalia kialama alichokuwa amekikwaruza kwa siri chini ya mpini. Kisha akamwita konstebo, akamwambia amlete Mabonga amfungue pingu.

Wasomaji wangu, mliolia na Nasambu kwa wiki nane, mngemwona mwanamke huyo hapo. Mabonga aliingia amekonda, ndevu zimemwota ovyo, shati halina kifungo. Nasambu alimwangukia kifuani akalia bila kujizuia. Mabonga naye alilia. Alimwita Mama Nelima, Mama Nelima, akasema hatasahau maisha yake yote. Konstebo mwenyewe aligeuka akajifanya anatafuta funguo.

Lakini mimi nawajua polisi. Wakikupa kiti, uangalie mguu wake.

Inspekta hakuwa akiwatazama. Alikuwa anazipanga zile sepetu saba kwenye mstari, mabapa yote yakielekea dirishani. Alipomaliza alisimama mbali akaziangalia, akainamisha kichwa upande huu, akainamisha upande ule.

"Mama, kuja uone kitu," alisema.

Nasambu alifuta machozi akasogea. Inspekta akaweka kidole kwenye ile sepetu ya jeshi, upande wa kushoto wa bapa, karibu na ncha. Kona ilikuwa imekatika, kipande cha ukubwa wa ukucha wa gumba. Ni jiwe lililoivunja, miaka mingi iliyopita. Kisha kidole kikasogea kwenye sepetu ya pili. Kona imekatika, upande uleule, ukubwa uleule. Ya tatu vilevile. Zote saba.

"Hii moja imevunjika," Inspekta alisema. "Hizi zenu sita hazikuvunjika. Hizi zilikatwa na grainda. Nani anakata kona ya kitu kipya?"

Jibu Nasambu alilijua kabla swali halijaisha, na lilimpiga kama ngumi. Anayekata kona ya kitu kipya ni fundi wa Eldoret aliyeambiwa afuate sampuli. Fundi wetu haulizi kiwanda kilitaka nini. Ukimpa kiti chenye mguu mfupi akutengenezee kingine, atakutengenezea na huo mguu mfupi, kisha akudai asante. Wabuge aliiona ile kona akadhani ndivyo wanajeshi walivyoitaka, labda ya kukatia mizizi, akaikata kwenye kila sepetu aliyoiiga.

Kwa hivyo sepetu ya shimoni haikuwa ngeni kwao. Ilikuwa mama wa hizi zote.

Inspekta aliuliza iliwekwa wapi hiyo sampuli, na nani alikuwa nayo. Mabonga ndiye aliyejibu, tena haraka.

"Mimi sichomelei, Madam. Mimi ni wa kuuza tu. Muulize mke wangu vile vitu tunatolea wapi."

Nasambu alimgeukia mumewe. Mabonga alikuwa anatazama sakafu. Nasambu alidhani ni huruma, kwamba mume hakutaka kulitaja jina la shemeji yake kwa kinywa chake, akamwachia dada mtu alitaje. Alimshukuru moyoni, maskini. Endelea kusoma.

Akaeleza, kwa kuwa hakuna uongo uliomjia. Msimu wa kupanda, mzee mmoja alikuja kwa Wabuge na sepetu ambayo nati yake ilikuwa imeganda. Alisema ilikuwa ya mzungu ambaye babake alimfanyia kazi, na mzungu aliinunua kwenye vitu vya jeshi vita vilipoisha, akamwachia alipoondoka. Wabuge akaitengeneza siku ileile, akaipaka na rangi, maana hakuna fundi anayemrudishia mteja kitu bila kukipaka rangi. Halafu akaipenda. Mzee akirudi anaambiwa njoo kesho. Akirudi kesho anaambiwa nati bado haijapatikana. Nasambu mwenyewe aliwahi kumwekea chai, akamsikia akilalamika kwa upole kwamba sepetu yake imekaa hospitali kuliko mgonjwa.

"Huyo mzee alikuwa wa wapi?" Inspekta aliuliza.

Nasambu hakujua jina lake. Kibandani walimwita tu Mzee wa Sepetu. Lakini alijua alikotoka. Alimtazama Inspekta, na akaona kwamba Inspekta naye amekwisha fika.

"Soy," alisema.

Jepkemboi alipumua. Akasema Wabuge aliandikisha taarifa hapohapo kituoni, kwamba hajawahi kumwona Mzee Kipyego maishani mwake mpaka siku aliyomwokoa. Na sasa wamemwachia mzee huyohuyo mikononi, yeye na yeye chumbani, na kila mtu akimwita malaika.

Nasambu aliketi bila kuambiwa. Kwa kinywa chake mwenyewe alikuwa amemtoa mume kwenye kamba na kuivisha kamba hiyo shingoni mwa kaka yake. Kaka aliyekuwa akimbeba mgongoni kuvuka mto kwenda shule. Alitamani angekosea, angechagua ile yenye sauti ya sufuria. Kisha akamwona Nelima akilini, akatamani asingetamani hivyo. Moyo wake ulikuwa unavutwa pande mbili, na kila upande ulikuwa na haki.

Wakati huo simu yake ikalia. Kwenye kioo pameandikwa Kaka Wabuge.

Inspekta alinyoosha kidole kuelekea kwenye simu, akaashiria aiweke spika. Nasambu akailaza mezani, akapokea.

"Nasambu," sauti ya Wabuge ilisema, nzito, imechoka. "Mzee ameamka. Nesi ameenda kuita daktari. Nataka kuomba na yeye kabla wengine hawajaingia." Akasita. "Huko kituoni umewaambia nini?"

Katika maisha yake yote Nasambu hakuwahi kumdanganya kaka yake. Alifumba macho.

"Nimewaambia zote ni feki, Kaka. Wamekubali. Baba Nelima ameachiliwa."

Wabuge alishusha pumzi ndefu, akasema Mungu ni mwema. Inspekta tayari alikuwa amevaa kofia. Aliandika haraka kwenye karatasi akaisukuma mbele ya Nasambu: Usimwache akate simu. Mlangoni alimnong'oneza konstebo kwamba askari wa lango la hospitali wamzuie Wabuge asitoke, lakini chumbani asiingie mtu kwa fujo, mtu aliyeshtuka hufanya lisilofanyika. Wakatoka mbio, konstebo na dereva nyuma yake. Lile gari la kortini likageuzwa njia, likaondoka kuelekea Plateau.

Nasambu akabaki na simu mezani, na mumewe nyuma yake, na zile sepetu.

Atamzuiaje? Atamwambia nini ambacho hakitamfanya ashuku? Kulikuwa na kitu kimoja tu. Wabuge ni mzee wa kanisa, na kwao mtu hakatizi maombi hata paa likishika moto.

"Kaka," alisema, "niache niombe mimi leo. Weka simu karibu na Mzee. Tuombe pamoja."

"Sawa," Wabuge alijibu. "Omba."

Akaanza. Alishukuru kwa uhai, kwa mvua, kwa mahindi yaliyoko shambani na yaliyoko ghalani. Aliombea mikono ya madaktari. Aliombea watoto wa Mzee Kipyego na wajukuu wake. Akaombea ukoo wao wote wa kule Bungoma, shangazi kwa jina lake, wajomba kwa majina yao, hata yule mjomba aliyewadhulumu shamba, akamsamehe papo hapo ili tu sala irefuke. Akaombea serikali. Akaombea wasafiri walio barabarani, na hapo sauti ikamkatika, maana alijua ni wasafiri gani.

Alihisi mkono wa Mabonga ukimshika begani. Ulikuwa mkono wa joto, nao ulimtia nguvu. Akaendelea. Aliomba mpaka maneno yakamwishia, akawa anarudia yaleyale kama mtu anayekwangua sufuria, na jasho likimtiririka. Mwishowe hakuwa na neno tena ila moja. Alimwomba Mungu amhurumie kaka yake, kwa lolote alilotenda, na alilimaanisha kuliko yote aliyotangulia kusema.

"Kwa jina la Yesu," alisema. "Amina."

"Amina," ikaitikiwa.

Haikuwa sauti ya Wabuge. Ilikuwa sauti kavu, ya mbali, ya mtu ambaye ulimi wake umelala siku nyingi.

"Mama, umeomba vizuri," ilisema. "Wewe ni nani?"

"Mimi ni Nasambu, Mzee. Dadake Wabuge." Akaiinamia simu. "Kaka yangu yuko wapi?"

"Fundi? Amepiga magoti hapa chini. Analia. Ananiomba nisiseme, ati kwa sababu yako." Mzee akapumzika. Pumzi zake zilisikika chumba kizima. "Lakini mimi nimezeeka, mama. Siwezi kubeba kitu kama hiyo mpaka nife."

"Usiseme nini, Mzee?"

"Huyu kijana hakunipiga. Alikuwa ananiletea sepetu yangu nyumbani, akakuta mchanga unasonga. Akanichimbua nayo." Kwa mbali Wabuge alisikika akisema tafadhali, Mzee, tafadhali. "Mwenye alinipiga alikuja kabla yake. Alikuja kuniomba ninyamaze, kwa sababu nilimwambia nitaambia watu wote wa soko vyuma vyake ni vya uongo. Nikakataa. Ni ule mwenye kuuza. Ni bwana yako, mama."

Nasambu hakugeuka. Hakuweza kugeuka. Mkono uliokuwa begani mwake ulisogea polepole, ukapita mbele ya uso wake, ukabonyeza simu ikazima.

"Mama Nelima," Mabonga alisema kwa upole uleule wa siku zote, "huyo mzee amegongwa kichwa. Hajui anasema nini."

Kisha akaenda mlangoni, na Nasambu akasikia komeo likiingia.